Barua kwa Bi Mkubwa: Kuna ubaya gani mlanguzi wa unga akinyongwa?

SWALI

Bi Mkubwa, salamu kutoka Umoja. Nina miaka 63, kazi yangu useremala. Nilijaliwa watoto wanne, sasa wamebaki watatu. Kitinda mimba wangu alianza unga akiwa kidato cha tatu. Ilitangulia kupotea redio, ukafuata mtungi wa gesi, zikafuata sufuria za mama yake, hata siku moja nikarudi kutoka kazini nikakuta mlango wa choo, niliouchonga kwa mikono yangu, umeng'olewa kwenye bawaba na umeshauzwa. Tulimpeleka kwa mchungaji. Tulimpeleka kwa mganga. Tukamfungia chumbani siku tano akilia kwa arosto, yale maumivu ya kukosa unga, mpaka majirani wakaja kugonga wakidhani tunamuua. Mwaka wa 2019 aliokotwa nyuma ya steji, sindano ingali mkononi. Alikuwa na miaka 24.

Mwezi wa Machi 2025, dada mmoja Mkenya alipohukumiwa kifo Vietnam kwa kukutwa na zaidi ya kilo 2 za kokeini, nchi nzima ilimlilia. Redioni, kanisani, hata bungeni ni yeye tu. Mimi sikulia. Nilijiuliza, kilo 2 ni watoto wangapi? Singapore ukikutwa na zaidi ya gramu 15 za heroini unanyongwa, na sijasikia mateja wakilala mitaroni huko. Sisi hapa mlanguzi tunampa dhamana. Wewe ulikaa kortini miaka mingi, umewaona kwa macho yako. Niambie bila kuzungukazunguka: kuna ubaya gani mlanguzi akinyongwa?

Baba wa Umoja

JIBU

Baba, pole. Barua yako niliianza ndani ya matatu nikitoka mjini, na nilipofika pale kwenye mlango wa choo nikaikunja nikaitia mkobani. Nikaimalizia nyumbani, nimejifungia chumbani.

Hukulia, nami sikulaumu. Machozi hayaagizwi.

Kabla ya yote, usije ukadhani nasema haya kwa kuwa hayajanifika. Mimi mzaliwa wa Majengo, Pumwani, na ndugu yangu anayenifuata alitumia unga miaka 14. Kwetu kilichokwenda ni cherehani ya mama, ile aliyotulea kwayo baada ya baba kufariki. Mama aliiona baadaye kwenye kibaraza kimoja Shauri Moyo, mtu anashonea, akaitambua kwa mkwaruzo kwenye gurudumu, akapita bila kusema neno. Miaka ile ningeulizwa nani anyongwe, ningetaja majina na nyumba wanazokaa, na kamba ningeinunua mimi.

Sasa nikujibu kama ulivyotaka. Ubaya wake ni kwamba kitanzi hakimpati mwenye mzigo. Kinampata punda aliyetumwa kuubeba, na kinampata kwa neno moja: alijua. Neno hilo limewahi kutoka kinywani mwangu kwa makosa, na mtu nusura aangamie kwalo.

Nilikuwa mkalimani wa mahakama miaka 27. Kazi yenyewe wengi hawaijui. Mashtaka yameandikwa kwa Kiingereza, hakimu anaandika kwa Kiingereza kwa mkono wake, na kando ya kizimba amesimama mtu anayepokea maneno upande huu na kuyapeleka upande ule. Mshtakiwa akisomewa, hujibu “ni kweli” au “si kweli”, na hapo safari yake imeshaanza. Tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973, mahakama zetu zinatakiwa zimsomee mtu mashtaka kwa lugha anayoielewa, na akikubali kosa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kadiri iwezekanavyo. Kama alivyoyasema. Hilo nilifundishwa wiki ya kwanza.

Mwaka wa 2004 aliletwa mbele yetu msichana wa miaka 22, msusi. Alikamatwa uwanja wa ndege akirejea kutoka Asia na mikoba 6 ya kike, mipya, karatasi za bei zinaning'inia. Mteja wake mmoja, mama wa makamo mwenye gari, alikuwa amemwahidi shilingi 80,000 akamletee mikoba ya biashara. Siku ya ushahidi ofisa aliutoa mkoba mmoja uliochanwa bitana, akaupeleka mezani kwa hakimu, na harufu kali kama ya siki ikatufikia hadi tuliosimama nyuma. Anayeijua heroini anaijua harufu hiyo. Nilimtazama msichana: alikuwa akiuangalia ule mkoba kama mtu anayeonyeshwa nyoka aliyelala naye kitanda kimoja.

Upande wa mashtaka ukamuuliza, ulijua ndani ya mikoba kuna nini? Akajibu kwa sauti ya chini, kichwa ameinamisha, mvua inapiga mabati. “Nilijua kuna kitu.” Akaongeza na maneno mengine, lakini yalichanganyika na kilio. Mimi nikamgeukia hakimu, nikasema kwa Kiingereza: anasema alijua. Basi, sikuongeza neno. Nikaiona kalamu ikiandika.

Sitakuficha sababu. Ilikuwa kesi ya 11 asubuhi ile, na mvua ilikuwa kubwa, hayo ni kweli. Lakini usiku uliotangulia ndugu yangu alikuwa ameniibia nauli ya wiki nzima, na nilipomtazama yule msichana nilikwisha kumhukumu kabla hakimu hajafungua faili. Masikio yangu yalitaka “nilijua”, yakachukua “nilijua”, yaliyobaki yakayaacha yaanguke chini.

Usiku nimelala, ile sentensi ikanirudia nzima, pamoja na mkia wake: “Nilijua kuna kitu, lakini nilidhani ni dola anazoficha.” Sikupata usingizi tena mpaka adhana ya alfajiri. Saa mbili kasorobo nilikuwa mlangoni pa hakimu. Nikamwambia, mheshimiwa, jana nilimnyima mshtakiwa nusu ya jibu lake. Alinitazama muda mrefu, akaifunika kalamu yake, akaagiza pande zote mbili ziitwe. Swali likaulizwa upya mbele ya watu, jibu likaandikwa lote, na kwenye ukurasa wa jana yake hakimu akapiga mstari, akatia sahihi pembeni.

Hakuachiliwa, Baba. Hakimu alisema anayejua amebebeshwa siri na akanyamaza ana kosa lake, na kwa hilo sina ubishi naye. Ila hakumfunga maisha. Alimpa miaka 9. Zamani kidogo nilimwona Gikomba akichagua viatu vya mtoto, anabishania shilingi 50. Nilimtambua kwa sauti. Sikumsalimia, nilijibanza nyuma ya marobota mpaka akaondoka.

Ule mstari wa kalamu uliwezekana kwa kuwa kulikuwa na mtu hai wa kuulizwa mara ya pili. Mimi ni mzaliwa wa Nairobi, Kiswahili ni cha mama yangu, na bado nilikosea Kiswahili cha msichana wa Nairobi. Sasa mchukue mwenzake umsimamishe kizimbani Vietnam au Uchina. Anachosema kwa Kiswahili atajilazimisha kukisema kwa Kiingereza chake cha shule, kisha mtu mwingine akipeleke kwenye lugha ambayo yeye haelewi hata neno moja. Akiambiwa “amekiri”, atajuaje wamemwandikia nini?

Singapore uliyoitaja naijua kiasi, maana tulikuwa tukiisoma sheria yao tukilinganisha na yetu. Ni zaidi ya gramu 15 za heroini halisi, zaidi ya 30 za kokeini, zaidi ya 500 za bangi. Ukikutwa na zaidi ya gramu 2 za heroini, sheria inakuhesabu muuzaji. Ukikutwa na mzigo, inakuhesabu kwamba ulijua ni nini, na kazi ya kuonyesha kuwa hukujua ni yako wewe. Mwaka 2013 ulianza kutumika upenyo mdogo: aliyekuwa mbebaji tu anaweza kuponea kifungo cha maisha, na viboko, iwapo upande wa mashtaka utampa hati kwamba amewasaidia kwa dhati kuuvunja mtandao. Hebu lifikirie hilo kama seremala anayepima ubao kabla ya kukata. Nani ana siri za kutoa? Aliye karibu na mwenye mzigo. Yule aliyeokotwa mtaani, aliyeambiwa “shika begi hili, utapokewa”, hana jina la kutaja, hana namba ya simu isiyokuwa imeshazimwa. Asiyejua kitu ndiye anayekosa hati. Aprili 2022 walimnyonga Nagaenthran Dharmalingam, kijana wa Malaysia aliyekutwa na chini ya gramu 43 za heroini zimefungwa pajani, mtu ambaye vipimo vilivyowekwa mbele ya mahakama vilionyesha akili yake ni pungufu. Gramu 43, Baba, ni vijiko vitatu vya chakula. Aliyempa vile vijiko vitatu hakuwa pale.

Umesema huko mateja hawalali mitaroni. Serikali yao nayo hutumia maneno kama yako kukitetea kitanzi. Lakini mimi naona pia kisiwa kidogo, polisi wanaolipwa wakashiba, na mipaka inayokaguliwa kweli. Ukitaka kuchukua kamba peke yake na kuipa sifa yote, ichukue na Iran. Wao wamenyonga watu wa dawa za kulevya kwa miongo, na mwaka 2017 wakalazimika wenyewe kupandisha kiwango cha heroini kinachomfikisha mtu kwenye kitanzi, kutoka gramu 30 hadi kilo 2. Malaysia, iliyokuwa na kifo cha lazima, ilikifuta 2023 ikawaachia majaji wapime. Na Vietnam hiyo hiyo uliyoitaja, bunge lake mwezi wa Juni 2025 liliondoa kifo kwa kosa la kusafirisha dawa za kulevya, ingawa kwa kutengeneza na kuuza wamekibakiza. Wanaokaza ni Saudi Arabia. Tangu Novemba 2022 wamerudia kuua watu kwa makosa ya dawa, na miongoni mwa waliouawa wamo majirani zetu Waethiopia na Wasomali. Wabebaji tena, Baba.

Turudi nyumbani. Kwetu sheria ya mwaka 1994 ilimwekea mlanguzi faini na kifungo cha maisha. Kitanzi kimewekewa uhaini, mauaji na wizi wa mabavu. Mara ya mwisho kilitumika gereza la Kamiti, mwaka 1987, kwa waliohukumiwa kuhusu jaribio la mapinduzi la 1982. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia hukumu zaidi ya watu 4,000 kwa mara moja, wakawa wa kifungo cha maisha. Mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ikasema hata kwa mauaji jaji hawezi kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo. Wizi wa mabavu umekuwa na adhabu ya kifo kwa zaidi ya miaka 40. Nikuulize wewe unayekaa Umoja: ukishuka steji saa tatu usiku, simu unaitoa mfukoni?

Penye dhamana umesema kweli, na hapo hasira yako na yangu ni moja. Nimeona faili likipotea Jumatatu likaonekana mwaka uliofuata. Katika korti moja, sitaitaja, nilimsikia shahidi akisoma uzito wa kielelezo, na uzito huo ulikuwa umepungua tangu siku kilipopokewa, na hakuna aliyeinua macho. Unga haukauki kama mboga. Sasa wewe unataka juu ya ofisi kama hiyo tutundike kamba. Kitakachopanda ni bei. Leo mtu anahonga kukwepa miaka 20, kesho atahonga kukwepa kifo, na atakayeweza kulipa bei hiyo si msusi.

Kumbuka wana wa Akasha wa Mombasa, ndugu wawili walanguzi wa heroini, Baktash na Ibrahim. Walikamatwa Novemba 2014, kesi ikazunguka hapa kwetu zaidi ya miaka miwili, mpaka Januari 2017 wakachukuliwa kupelekwa Marekani. Huko walikiri makosa, pamoja na kuhonga maofisa wa Kenya ili wasipelekwe. Mzigo uliotajwa ni kilo 99 za heroini. Siyo gramu. Baktash alipewa miaka 25 mwezi wa Agosti 2019, mdogo wake Ibrahim akapewa 23 Januari iliyofuata. Weka kilo 99 na miaka 25 upande mmoja, weka vijiko vitatu na kitanzi upande wa pili, kisha uniambie mizani hiyo wewe ungeikubali dukani. Ila nataka uone pia kilichowaangusha: watu waliokuwa hai, walioingia ndani ya biashara yao wakarekodi mazungumzo, wakatoa ushahidi.

Hapo ndipo natofautiana nawe hata nikikuachia huruma yote uitupe. Mbebaji akifa, mwenye mzigo analala usingizi. Indonesia, Aprili 2015, walitoa watu 9 wakapigwe risasi usiku mmoja kwa makosa ya dawa. Mmoja alikuwa Mary Jane Veloso, mama wa watoto wawili kutoka Ufilipino, aliyekutwa na heroini kwenye sanduku alilosema alipewa. Waliobaki 8 walipigwa risasi. Yeye alirudishwa dakika za mwisho, kwa sababu mwanamke aliyetuhumiwa kumwingiza kwenye safari ile alikuwa amejisalimisha kwa polisi kwao, na ushahidi wa Mary Jane ukahitajika. Desemba 2024 alirejeshwa Ufilipino. Ungeniuliza mwaka 2015, ningekuambia huyo amekwisha.

Utaniambia mwanao hakupewa rufaa wala msamaha wa rais. Hilo sina la kulijibu, na nimelikalia siku tatu kabla ya kuandika. Ninachokijua ni kwamba aliyemuuzia ile kete ya mwisho karibu bila shaka ni teja mwenzake, anayeuza tano apate ya sita. Tukianza kunyonga, ndiye atakayekuwa wa kwanza kwenye foleni. Ninachotaka mimi ni wenye nyumba na magari yaliyotokana na unga wafungwe, na wakitoka wasikute hata tofali. Serikali ina sheria ya kutwaa mali hizo tangu 2009. Hapo ndipo ningependa kukuona ukipiga kelele, wewe na kina mama wa Umoja, kwa mbunge wenu, kila mwezi, faili kwa faili.

Ndugu yangu yu hai. Hospitali ya Mathari ilipoanza kutoa methadone, dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuacha heroini, mwishoni mwa 2014, alikuwa miongoni mwa waliokuja mapema, mimi nikimburuta. Kila asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwamo, anakwenda, anatajwa jina, anapewa kikombe kidogo cha plastiki, anakunywa mbele ya muuguzi, anafungua kinywa aonekane amemeza, anaondoka. Hakuna malipo. Siku hizi anaosha magari na amenirudishia, shilingi 200 kwa 200, zile nauli zote. Mama hakuishi kuyaona. Najua kwako habari hii inauma badala ya kufariji, na nimejiuliza kama niiandike. Nimeiandika kwa ajili ya nyumba nyingine pale Umoja ambayo leo imepoteza mtungi wa gesi. Ngara nako kuna kliniki hiyo.

Barua yako yote hukumtaja mwanao kwa jina. Niandikie tena uniambie aliitwa nani, na kama useremala ulishaanza kumfundisha. Sitalichapisha.

SWALI

Shikamoo Bi Mkubwa. Nina miaka 23, naishi Zimmerman, nauza nguo mtandaoni. Rafiki wa dadangu anataka nisafiri Asia siku 8, tikiti na hoteli ni juu yake, nirudi na sampuli za vitambaa, anilipe 150,000. Begi atanipa yeye, anasema ni la kampuni. Ameshanilipia kodi ya miezi miwili na naona haya kumkatalia. Au ni mimi nawaza vibaya?

Msichana wa Zimmerman

JIBU

Marahaba mwanangu. Huwazi vibaya. Usiende.

Kitambaa hakihitaji mtu wa kukifuata kwa 150,000, kinatumwa kwa kifurushi na kinafika. Anayekulipia tikiti, akakuchagulia njia, akakupa begi, hakutumi vitambaa. Yule msusi niliyemtaja hapo juu naye alikuwa amelipiwa kodi, miezi mitatu. Hiyo ndiyo kawaida yao: wanaanza kwa wema, ili siku ya begi uone haya, na haya ndiyo wanayoitumia. Kuna padri wa Kikatoliki huko Hong Kong, John Wotherspoon, ambaye kwa miaka ametembelea wafungwa Waafrika waliokamatwa na dawa. Aliwahimiza waandike barua kwa watu wa nyumbani wawaonye, wakaandika, Watanzania wengi wakiwamo. Walioandika ni vijana kama wewe.

Kumkatalia hakuhitaji hotuba. Mwambie paspoti yako ina tatizo, au mama amekataa, kisha usimpe tena paspoti yenyewe aishike hata kwa dakika. Kama ameshaichukua, toa taarifa polisi kwamba unaidai. Ujumbe wake wote uhifadhi, usifute, na nakala mtumie mtu wa pili unayemwamini asiyekuwa dadako, kwa kuwa hatujui huyo rafiki amemwambia dadako nini. Habari yenyewe ipeleke kwa makachero wa dawa za kulevya, makao makuu yao yako Kiambu Road. Nenda na mtu mzima. Kodi umrudishie kidogo kidogo kwa simu, ibaki na rekodi.

Na hili ni la kumwambia kila mwenzako anayesafiri, hata kwa kazi ya halali: begi lako lipange mwenyewe, usilibadilishe na mtu njiani hata ukiambiwa ni la saa moja tu, na usimbebee mtu zawadi. Ukikamatwa nchi ya watu, una haki ya ubalozi wako kujulishwa, ni mkataba wa Vienna wa 1963, na ni wewe unayetakiwa kusema unataka wajulishwe. Kenya haina ubalozi kila mahali. Vietnam, kwa mfano, mwaka 2025 ilihudumiwa kutoka Bangkok, kwa hiyo sema mapema na urudie kusema. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Hata kama Kiingereza chako ni kizuri, omba mkalimani wa Kiswahili, na akikutafsiri nusu, mwambie arudie yote.

Hukuniandikia safari imepangwa tarehe gani. Jumatano saa nne nitakuwa hapa ofisini, njoo na simu yako na huo ujumbe wake, twende Kiambu Road pamoja.